Mswisi Aliyeapa Barazani

Wasikilizaji wapendwa, haya nimeambiwa na Bi. Mahfudha binti Mahmud, kwake mtaa wa Mkomani, Alhamisi iliyopita baada ya sala ya alasiri. Alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Dada yake, Bi. Barka, tulimzika wiki tatu zilizopita. Bi. Mahfudha akaniambia, "Sasa naweza kusema. Mwenye siri amekwenda." Hakuinua uso. Aliendelea kuchagua mchele na kusema, kusema na kuchagua.

Lakini leo simkumbuki Bi. Barka peke yake. Namkumbuka mwanamume mmoja aliyefia hapa Lamu, Amu yetu, mwezi wa kumi na mbili mwaka 1968, na tangu azikwe hakuna aliyemtaja redioni wala msikitini. Jina la kwao aliitwa Konrad. Jina la Kiislamu aliitwa Idrisa. Alikuwa Mswisi, fundi wa mitambo. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Konrad, Idrisa, Mswisi, fundi wa mitambo.

Alikuja mwaka 1960. Kampuni moja ya kununua kamba mawe wa baharini, ambayo haipo tena, ilimleta kijiji cha Kizingitini afunge mtambo wa barafu. Watu wa Kizingitini walikuwa hawajawahi kushika barafu. Mama mmoja alifunga kipande kwenye leso ampelekee mgonjwa wake kijiji cha pili, Faza. Akafika na leso iliyolowa. Akarudi kwa miguu ile ile, amtukane Mzungu kwamba amemuibia. Konrad akampa kingine, akamwambia akimbie.

Wakamuuliza, kwenu barafu mwauziwa wapi? Akasema kwao barafu iko nje, mlimani, yalala bure na hakuna aitakaye. Wakamcheka, wakamwita muongo. Na huyo, wasikilizaji wangu, alikuwa mtu asiyejua uongo hata wa kumpoza mtu moyo. Ukimletea mashine ya mashua umuulize kama itapona, wengine wangesema inshallah. Yeye alisema, "Haiponi. Itupe." Ukimkaribisha chakula akaona kimezidi chumvi, alisema kimezidi chumvi. Kiswahili alikipata huko huko Kizingitini, kwa wavuvi, na kilikuwa kizuri. Hila za Kiswahili ndizo hakuzipata.

Kampuni ikaondoka. Yeye akabaki. Akahamia Amu mjini, akasilimu, akaitwa Idrisa. Mwaka 1961 akamposa Barka, binti mkubwa wa Mzee Mahmud wa Mkomani. Mzee akamuuliza, utamfurahisha mwanangu? Idrisa akafikiri. Akajibu, "Sijui, Mzee. Sijawahi kuoa." Mzee Mahmud alicheka mpaka akashika ubavu. Akamwambia Mahfudha, aliyekuwa mdogo bado, amletee kahawa mkwe.

Kulikuwa na mposaji mwingine kabla yake. Hamdun. Alikuwa jamaa yao wa mbali, kijana wa maneno matamu, mzuri wa kuketi naye. Mzee Mahmud alimkatalia. Hamdun hakununa. Alikuja harusini, akala, akacheka, akawa rafiki wa kwanza wa Idrisa. Hilo la kukataliwa lishikeni, maana ndilo linalonipeleka mbele.

Mnajua ada ya hapa. Baba humpa binti nyumba, mume huingia. Nyumba ya Mkomani ilikuwa ya Barka. Idrisa aliingia na sanduku la vyuma vyake na nguo mbili. Waliishi humo mwaka mmoja na miezi. Bi. Mahfudha anasema walikuwa wakicheka kama watoto. Idrisa alimfungia mkewe bomba la kuvuta maji kisimani, na Barka alimfundisha kula embe bila kujichafua kanzu, na hakujua mpaka anakufa.

Sasa wasikilizaji, sogeeni karibu na redio.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1963, mchana baada ya adhuhuri. Kulikuwa na harusi mtaani kesho yake. Mahfudha alikuwa akimtia dada yake hina miguuni. Wanawake mnajua: hina ikishapakwa hukanyagi chini. Utaketi na miguu yako juu ya mto mpaka ikauke, na kama unataka ishike vizuri utaketi mpaka jua lizame. Idrisa alichungulia, akamwona mkewe amewekwa kama sultani, akamuuliza kama anataka kitu. Barka akasema anataka aondoke, anamchekesha, hina itapinda. Akatoka, akaenda barazani kwa wanaume.

Barazani alikuwa windo lao. Kila siku walikuwa na la kumtania, na siku ile Hamdun alianza na la nyumbani. Akasema nyumba ni ya mke, kisima ni cha mke, hata paka ni wa mke. Akasema, "Idrisa, kwako ni nani mume? Maana sisi twaona wanawake wawili."

Watu wakacheka. Idrisa naye akacheka, lakini alikuwa ametia nia ya kuwa mwenzao, na alikuwa amesikia wenzake wakiapa. Zamani zile kulikuwa na wanaume wa baraza wenye mdomo mchafu. Mtu akitaka kuaminiwa bei ya samaki, huapa kwa talaka. Wenye adabu waliwakemea. Idrisa hakujua kuwatenga wenye adabu na wasio nayo. Aliona tu kwamba mwenye kuapa husikilizwa. Basi akawaza: mke wangu ana hina miguuni. Hawezi kutoka leo hata nyumba ikiwaka. Nitaapa kiapo ambacho hakiwezi kunishinda.

Akasema mbele ya wanaume saba, "Barka akivuka kizingiti cha nyumba leo kabla ya jua kutua, ameachika talaka tatu."

Kisha mmoja akapiga makofi, wakamsifu, wakamwambia sasa ndiye mume. Idrisa akawa mwekundu kwa furaha. Hamdun akainuka, akasema anakwenda kutafuta tumbaku. Akarudi baada ya muda mfupi, akaketi mahali pake.

Haukupita muda, nyumbani kwa Barka mwanamke alisimama dakani, kwenye kile kibaraza cha mlangoni, akaita. Hakuingia. Alisema fundi amekatwa na mashine gatini, mkono umekwenda, damu haizuiliki, mkewe afanye hima. Kisha akaondoka. Mahfudha alikuwa na bakuli la hina mkononi. "Dada hakuuliza jina la aliyeita," aliniambia. "Aliruka. Alitoka na miguu ile, nami nyuma yake."

Ndia ya kwenda gatini yapita mbele ya baraza. Wanaume wakamwona mwanamke wa Kiamu anakuja mchana mweupe, buibui limekaa upande, miguu haina viatu, hina inamwagika vidonge vidonge kwenye mawe. Na Idrisa amekaa pale mzima, mikono yake miwili, kikombe cha kahawa.

Barka akasimama. Akamtazama mikono. Akasema, "Alhamdulillahi." Hajui chochote yule. Ameshukuru.

Bi. Mahfudha anasema hakuna aliyecheka. Na Hamdun ndiye aliyesema wa kwanza. Alisema taratibu, kwa huzuni: "Jua halijatua, Idrisa."

Wakaenda kwa Mwalimu Jamaludin, mzee aliyekuwa akiulizwa mambo ya ndoa mtaani. Mwalimu aliwapenda wale wawili. Nataka mlisikie vizuri jambo hili. Mwalimu alikuwa akitafuta mlango wa kuwatoa. Yako maneno kwenye vitabu, kwamba mume akiapa ili amzuie mkewe asitoke, na mke akatoka bila kujua kiapo kile, basi kuna nafasi ya kusema ndoa haikukatika. Mwalimu akamuuliza Idrisa: ulikusudia kumkataza mkeo asitoke?

Idrisa akasema hapana.

Mwalimu akauliza tena, polepole: fikiri, mwanangu. Hukuwa na wivu, hukutaka abaki ndani, ndiyo maana ukaapa?

Idrisa akasema hapana, Mwalimu. Sina wivu. Anaweza kutoka atakapo.

Bi. Mahfudha alikuwa nyuma ya pazia na dada yake. Barka alikuwa ameng'ata ukaya, ule ushungi wa buibui. Wote waliomo nyumbani mle walikwisha kuelewa jibu linalotakiwa. Hata mie niliyesoma darasa tatu nalijua. Mtu wa hapa angelijibu, akaomba toba usiku wake, akalala na mkewe. Mwalimu akauliza mara ya tatu. Bi. Mahfudha anasema sauti ya mzee ilikuwa inamwomba.

Idrisa akasema, "Mwalimu, sikutaka kumzuia. Nilitaka wacheke."

Mwalimu Jamaludin akafunga kitabu. Talaka zikawa tatu.

Jioni ile Idrisa alichukua sanduku la vyuma na nguo zake mbili, akatoka. Nyumba si yake. Akaenda kukaa Kipungani, kusini ya kisiwa, kwenye kibanda cha makuti, akawatengenezea wavuvi mashine zao. Barka akakaa eda ya talaka, miezi mitatu.

Talaka tatu, wasikilizaji, mke harudiwi mpaka aolewe na mume mwingine, ndoa ya kweli, na huyo amwache kwa hiari yake. Huwezi kuweka sharti kwamba utamwacha. Ukiweka, ndoa ina doa. Kwa hiyo lililobaki ni uaminifu wa mtu. Na Idrisa alikuwa na rafiki mmoja tu wa kumwamini.

Alimfuata Hamdun mwenyewe. Alimwomba kwa machozi, kwenye kona ya ndia, hakuna shahidi. Hamdun akamkumbatia. Akasema, "Nitakuhifadhia amana yako." Mzee Mahmud alikuwa ameinama kwa aibu, akakubali. Barka naye alikubali, kwa sababu Idrisa alimtumia neno kwamba ni kwa siku chache.

Fungate ni siku saba. Siku ya nane asubuhi Idrisa alioga, akavaa kanzu safi, akaja Mkomani akasimama nje. Hamdun akatoka, ananukia udi. Watu wakapunguza mwendo wasikie.

"Mtume amemlaani mtu aoaye ili aache," Hamdun akasema. "Wataka nilaaniwe kwa ajili yako? Huyu ni mke wangu, Idrisa. Karibu kahawa."

Nani atamjibu? Neno la dini lilikuwa sahihi. Mtu aliyeiba alikuwa amesimama juu ya haki, na aliyeibiwa hana pa kushtaki.

Hamdun aliishi na Barka miaka mitano. Barka alimzalia watoto wawili. Hakumpiga, hakumnyima chakula. Ukatili wake ulikuwa wa namna nyingine. Mwaka 1965 cherehani ya Barka iliharibika. Mafundi walikuwapo mjini. Hamdun alituma mtu Kipungani amlete Idrisa. Akamketisha uani, nyumba ile ile, karibu na bomba lile alilolifunga kwa mikono yake. Barka akaambiwa akae nyuma ya pazia asitoe sauti, maana huyu sasa ni mwanamume wa nje. Idrisa alifungua cherehani, akatia mafuta, akajaribu sindano. Hamdun akamwambia, "Fundi, fanya upesi, mama watoto anataka kunishonea." Idrisa alimaliza kazi. Akasema, "Inashona." Akaenda zake. Bi. Mahfudha anasema dada yake hakuigusa cherehani ile tena, hata nguo za Idi alipeleka kwa mwingine.

Mwezi wa nane, mwaka 1968, Hamdun akaugua tumbo. Siku nne, akafariki. Idrisa alikuja mazikoni, akatia udongo kama wengine.

Barka akaanza eda ya kufiwa. Miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, haposwi. Zikiisha, yuko huru. Narudia, wasikilizaji wapendwa: siku zile zikiisha, Barka angeweza kuolewa na Idrisa tena, halali, bila mtu kunyanyua kidole. Hicho ndicho alichokuwa akikingoja mtu yule tangu mwaka 1963.

Hakumtumia salamu. Dini hairuhusu kumtamkia posa mwanamke aliye edani, na yeye tangu kile kiapo alikuwa mwoga wa maneno. Alilofanya ni hili. Alitoka Kipungani, akamwomba muadhini mzee wa msikiti mdogo wa karibu na nyumba ile ampumzishe. Akawa anaadhini yeye. Mara tano kwa siku, sauti ya Mswisi. Alikuwa na herufi zake alizozivunja, watoto walimwigiza. Barka alikaa karibu na dirisha.

Saadiya, dada yake Hamdun, alikuwa amehamia mle ndani kuangalia eda ya wifi yake isiharibike. Akasema, "Mzungu huyu anaita watu wakasali, au anakuita wewe?" Barka akasema anaita watu wakasali. Akaondoka akatawadhe.

Zilipobaki siku kumi hivi, Idrisa alikanyaga msumari akitengeneza birika la kutawadhia la msikiti. Aliuchomoa, akaosha, akaendelea na kazi. Baada ya wiki, adhana ya alfajiri ikaadhiniwa na yule muadhini mzee. Barka akamtazama Mahfudha. Mahfudha, aliyekuwa msichana mkubwa sasa, akachukua buibui akaenda kuuliza. Alikuwa hospitali. Pepopunda.

Muuguzi alikuwa Nerea, mtu wa bara, Mkristo, mwenye huruma. Alimwambia Mahfudha, "Huyu mtu ananiomba kitu na sielewi. Mdomo umefunga kabisa. Anainua vidole vitatu tu. Nimempa maji vijiko vitatu. Nimemwekea mito mitatu. Anatingisha kichwa."

Mahfudha alielewa. Zilibaki siku tatu za eda. Akamwinamia sikioni, akamwambia, "Tatu, shemeji. Twazihesabu nasi." Idrisa akashusha mkono. Bi. Mahfudha anasema hakuwa na hofu ya kufa usoni. Alikuwa na haraka.

Alifariki kabla ya adhuhuri siku ile ile.

Jeneza lilipita ndia ile ile, chini ya dirisha, maana hakuna nyingine ya kwenda makaburini. Wanaume walikuwa wakisema lailaha illallah. Barka alikuwa amevaa nguo za eda ya mtu mwingine. Alisimama nyuma ya dirisha, ameshika nondo. Machozi yakamjia. Saadiya akamshika bega, akamwambia, "Usilie. Watu watajua wamlilia nani."

Barka akayameza.

Jeneza likapita. Basi aliyelia akawa Saadiya. Alikaa chini, akafunika uso. Akasema, "Mimi ndimi niliyeita dakani siku ile. Hamdun aliniambia ni mzaha."

Barka hakugeuka. Alisema, "Nifungie dirisha."

Hayo ndiyo maisha ya Konrad, Idrisa, Mswisi, fundi wa mitambo, aliyefia Amu mwaka 1968.

Kwa watoto wa marehemu Bi. Barka, nawapa pole mara mbili, kwa mama na kwa kuyasikia haya. Baba yenu ni baba yenu, na nyinyi hamna kosa. Bi. Mahfudha aliniambia niwaombe radhi kwanza, na nilikuja kwenu Jumamosi, mkaniambia nisome. Mungu awalipe. Kwa jamaa wa Konrad huko Uswisi, kama wapo na habari itawafikia: kijana wenu alizikwa na Waislamu wenziwe, na watu wa Kipungani walikuja wote, wanaume kwa mashua, wanawake kwa punda. Poleni. Tumechelewa kuwaambia.

Na wewe unayenisikiliza, uliyeketi barazani sasa na wenzako. Mtazame huyo mnayemcheka. Jiulize kama anajua pa kuishia mzaha wenu. Jiulize pia kama wewe unajua. Sisi tulikuwa na wanaume saba pale, watu wazima, wenye swala zao, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Idrisa, usiape." Saba. Mmoja wao alikuwa kaka yangu.

Zimebaki dakika chache, nitamaliza na alilonimalizia Bi. Mahfudha.

Siku ya nne baada ya maziko eda ilikwisha. Barka alioga, akavaa leso mpya. Saadiya alimwekea chai, hakuinywa. Wakapanda punda, yeye na Mahfudha, wakaenda Kipungani. Walifika jua limepinda. Wanawake waliokuwa wakisuka mikeka walisimama, wakawaonyesha kibanda, hawakuuliza kitu.

Ndani hamkuwa na vingi. Vyuma vilipangwa ukutani kwa ukubwa wake. Ndoo. Mkeka mmoja sakafuni, na upande mmoja wa mkeka ulikuwa umechakaa kwa kulaliwa miaka, umetoboka begani na kwenye paja. Upande wa pili ulikuwa mpya. Milala yake ilikuwa ingali na rangi, kana kwamba umesukwa jana.

Barka aliutazama muda mrefu. Akavua viatu, akalala kwenye upande ule mpya, akageukia ule uliochakaa.

"Dada, twende, jua litatuchwea," Mahfudha akamwambia.

Barka akasema, "Ngoja kidogo. Nimechoka."

Mahfudha akaketi mlangoni, akamngoja. Akamsikia akilia mwanzo kwa kujizuia, kisha bila kujizuia, mpaka wasuka mikeka wakaacha kusuka. Kisha pumzi zikapungua, zikawa ndefu. Mahfudha akageuka kumtazama. Barka alikuwa amelala usingizi.